Fundi Aliyeingiza Mkono Kwenye Bakuli la Kadi

Fundi alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na katika miaka yote hiyo hakuna neno lililomtesa kama jina lake mwenyewe. Alikuwa na kigugumizi. Maneno mengine alijua kuyakwepa. Likimkwama hili, anachomoa jingine. Lakini jina la mtu halina mbadala, na lake lilianza na herufi iliyomkaba koo kila mara.

Kazini hakuwa mtu wa kubahatisha. Alitengeneza mashine za hospitali, hasa yale masanduku ya kioo ya kuwatunzia joto watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao. Kwa miaka kumi na sita alikuwa chini ya bosi mwenye ulimi mwepesi: bosi anaongea na wateja, yeye anafungua skrubu. Bosi alipostaafu na kufunga karakana, fundi alibaki na sanduku la vifaa na simu isiyolia.

Dada yake mkubwa, karani wa shule asiye na subira na unyonge wa mtu yeyote, ndiye aliyemchapishia kadi mia moja zenye jina, kazi na namba ya simu. Kisha akamwandikisha, bila kumuuliza, kwenye mkutano wa wanunuzi wa vifaa vya hospitali.

"Unampa mtu kadi, unatabasamu, unaondoka," alimwambia. "Hata hilo litakushinda?"

Siku ya mkutano aliiacha chai yake mezani. Alifika mapema mno, akalizunguka jengo mara mbili huku akijifanya anaongea na simu. Mlangoni, dada wa mapokezi alimwomba kadi, akaitumbukiza kwenye bakuli kubwa la kioo lililokuwa mezani. Fundi akashusha pumzi. Ndani aligawa nyingine nne bila kutamka zaidi ya "karibu" na "asante", akaanza kuamini kwamba siku itapita salama.

Ndipo mshereheshaji alipopanda jukwaani na kutangaza kwamba baada ya mapumziko atachota kadi kumi kutoka kwenye lile bakuli, na kila mwenye kadi atapewa kipaza sauti kwa dakika mbili ajitambulishe.

Fundi aligeuka kulitazama bakuli. Kumi kati ya watu mia mbili si wengi, alijiambia, lakini moyo wake haukutaka kusikia hesabu. Alifikiria kutoroka. Je, akiitwa na hayupo? Dada yake angezipata habari kabla hajafika nyumbani. Basi watu walipojipanga kuchukua chai, alisogea mezani kama mtu anayeangalia ratiba, akakunja mkono wa shati, akauingiza bakulini.

Kadi zilikuwa nyeupe karibu zote. Alipekua juu, akapekua chini, jasho likimtiririka hadi kwenye nyusi. Vidole vilikuwa vimeshainasa yake aliposikia sauti nyuma yake.

"Unatafuta nini humo, ndugu yangu?"

Alikuwa mama wa makamo, na kitambulisho kifuani kilisema ni muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. Fundi aliibana kadi yake kwa vidole viwili. Mama aliutazama ule mkono uliozama hadi kwenye kifundo, akaitoa kadi taratibu katikati ya vidole vyake, akaisoma. Akamuuliza kama ni kweli anatengeneza mashine za njiti, kwa sababu moja ya kwao ilikuwa inapiga king'ora tangu wiki iliyopita na walikuwa wameizima.

Fundi akajisahau. "I-inalia mfululizo," aliuliza, "au i-i-inakatika?"

Sentensi ilichukua muda kufika mwisho. Wengi humalizia kwa niaba yake. Huyu mama alisubiri. Akajibu kwamba inakatika, hasa wakifungua kidirisha. Fundi akamweleza kipande kwa kipande kwamba huenda ni waya wa kipima joto, na wasimlaze mtoto humo kabla yeye hajaiona. Mama akaitia kadi mkobani, akasema atampigia.

Hapo hofu ilihama tu, haikuondoka. Kadi kumi zilichotwa, watu kumi wakajitambulisha, yeye hakusikia hata mmoja. Aliwaza simu. Kwenye simu hauonekani uso, na ukikwama, mtu anadhani mtandao umekatika.

Siku ya nne namba ngeni iliita. Aliikodolea macho mpaka ikanyamaza. Alikaa nayo karibu saa nzima, akijilaani, akiwaza sanduku lililozimwa wodini na watoto wanaolihitaji. Mwishowe akabonyeza kupiga.

Mama aliitikia "haloo" mara mbili. Fundi alivuta pumzi, akavuta tena.

"Nakusikia unavuta pumzi, fundi," mama alisema. "Usiwe na haraka. Nipo."

Ilichukua muda, lakini jina lilitoka, likiwa limevunjika vipande vitatu.

Kesho yake asubuhi alikuwa wodini, amepiga magoti mbele ya mashine. Waya ulikuwa umechunika penye bawaba ya kidirisha. Aliubadilisha, akaiangalia mashine ikipanda joto kwa saa mbili, hakubanduka. Mama aliomba kadi tano zaidi kwa ajili ya wenzake wa hospitali nyingine, na wawili kati yao walimtafuta kabla ya mwezi kwisha.

Hadi leo simu ikiita, fundi hujifuta viganja kwenye suruali kwanza, ndipo apokee.