Tundu Chini ya Jicho

Wakati wa vita, askari mmoja alinipasua mdomo wa juu kwa kitako cha bunduki, huko Mabalako. Tulijificha porini, kisha nikafika Butembo kwa miguu, binti yangu mgongoni. Muganga wa kituo cha afya akaniketisha ili anishone, mtoto nikamweka kando. Alinieleza kwamba chini ya jicho mfupa una tundu, na mshipa wa fahamu unatokea hapo. Akichoma sindano karibu yake, mdomo unakufa ganzi. Akachoma pale kitabu chake kinaposema, akangoja.

"Mama, unasikia maumivu?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Porini sheria ilikuwa moja: anayelia anaua wote. Yeye akadhani dawa imeshika, akaanza kazi.

Nilisikia kila uzi ukipita. Alipomaliza ndipo akaona kucha zangu zimetoboa viganja. Akashtuka, akapapasa shavu langu kwa kidole mpaka akakuta kishimo, mbali na alipochoma.

"Tundu yako iko juu, tena pembeni. Batu habafanane mifupa. Lakini juu ya nini haukulia?"

Swali hilo lilinichoma kuliko sindano. Juu ya nini, eti kwa nini! Nikafungua mdomo nimpigie kelele zote nilizokuwa nimezimeza tangu porini.

Binti yangu akaruka, akaniziba mdomo kwa kiganja chake, juu ya nyuzi mbichi, kama nilivyokuwa nikimziba yeye kule.