Dole Gumba Kwenye Wembe wa Baba

Wiki iliyopita nilipata habari kutoka Migori kwamba kinyozi mmoja mzee, mtu wa Kehancha, ametutoka. Wasomaji wa safu hii hamkumjua. Mimi nilikuwa naye siku tatu tu, miaka ya tisini, lakini sijawahi kumaliza kumfikiria.

Wakati huo mama alikuwa amemfuata baba kaburini, na mimi, kifungua mimba wa watoto watano, nilikuwa nimeacha shule. Kwetu, upande wa Homa Bay, wafiwa hunyolewa siku chache baada ya mazishi. Baba mdogo alikuwa na wembe mmoja wa ukoo kwa vichwa vyote, na miaka hiyo tulishajua damu hubeba nini. Nikakataa wadogo zangu kuguswa nao. "Basi leta wa baba yenu," akasema. "Wembe huo usipokata, nitawanyoa kwa wangu."

Wembe wa baba ulikuwa wa kukunja, wenye mpini wa pembe, umelala sandukuni ukiliwa na kutu. Niliupeleka Migori kwa kinyozi huyo, pamoja na kipande cha msasa.

"Weka hiyo karatasi mbali," kinyozi akaniambia. "Nyinyi watu wa ziwa mnadhani kila kitu kinaparuliwa magamba?"

"Mzee, nataka ung'ae kama mpya."

"Ung'ae au unyoe?"

Akafunika makali kwa utepe, akasugua kutu kwa mafuta na majivu laini, pole pole, ubapa ameushika kwa kitambaa. Dole gumba lake lilikuwa na kovu lililolikata katikati. Kila mara aliugusisha wembe shavuni. Akihisi joto, aliuweka chini. Chuma kikipata moto, alisema, makali hayarudi. Siku ya tatu akaunoa kwenye kijiwe chenye maji, akaupitisha kwenye mshipi wa ngozi. Ulikata unywele unaoning'inia. Lakini karibu na makali alikuwa ameacha doa jeusi.

"Hilo umelisahau, mzee."

"Angalia vizuri." Lilikuwa na mistari ya mviringo, kama ya kidole. "Ni dole gumba la mwenyewe. Jasho lake limekula chuma. Hapo ni pembamba. Nikimtoa, makali yanakwenda naye."

Asubuhi ya kunyoa, baba mdogo aliuchukua aukague. Kidole chake kikatua juu ya lile doa. Kisha akanirudishia haraka, bila kunitazama. "Wanyoe wewe," akasema. "Huu kuna mtu ameushika tayari."

Niliwanyoa wote wanne, nikiuosha kwa spiriti baada ya kila kichwa. Wote wako hai.

Baada ya habari za msiba wa kinyozi niliufungua wembe kwenye kitambaa chake cha mafuta. Hakuna mwingine anayeugusa, nami siushiki kwa mkono mtupu. Kando ya doa la baba lipo la pili, la rangi ya kahawia. Mstari mmoja umelikata katikati.

Sina maelezo. Siku hizi tunanyoa kwa wembe wa kutupa, hakuna anayeuliza nani aliushika kabla yetu, na fundi anayerudisha kitu kiking'aa ndiye tunayemsifu. Yule mzee alijua pa kuachia. Juzi mwanangu, alipoliona doa jipya, alikwenda kuleta msasa. Nilimwambia auweke mbali.