Funguo za Mama Panya

Katika nyumba ile, mwenye mshahara wa kueleweka alikuwa mmoja tu, na kazi yake ilikuwa kuwanywesha panya pombe. Mumewe, kinyozi mwenye wateja wengi wa maneno kuliko wa nywele, hakuchoka kumtania. "Wenzako wanafungua baa wanauza," angesema mbele za watu, "wewe unagawa bure."

Mtaani walimpachika jina la Mama Panya, naye akaliitikia. Alitunza panya sitini katika chumba cha nyuma cha maabara. Thelathini wenye kibandiko chekundu walikunywa maji yaliyotiwa pombe. Thelathini wa bluu, maji matupu. Wote walikuwa na wiki tano au sita, umri ambao kwa binadamu ni wa kuota chunusi na kuwajibu wazazi. Daktari, mkuu wa utafiti, alitaka kujua pombe inaufanya nini ubongo ambao bado unakua. Mama Panya alitaka kujua kama mkataba wake utaongezwa mwisho wa mwezi. Hayo yote yalikuwa mikononi mwa wafadhili, na siku hiyo walimtuma mtu aje ajionee.

Mgeni alikuwa mama mwembamba wa miwani na daftari, si wa kuchekacheka ovyo. Daktari akamwonyesha sanduku la mbao lenye vichochoro, mwisho wake kipande cha biskuti.

"Wote wamefundishwa njia siku kumi," akasema. "Tuanze na wa bluu."

Panya wa bluu akatoka mbio mpaka kona ya pili, akasimama. Akainuka kwa miguu ya nyuma, akamtazama Mama Panya aliyeegemea ukuta. Wa pili vilevile. Wa tatu akakaa kitako kabisa, mikono tumboni, kama mtu aliyeambiwa chakula kiko njiani. Kisha akaletwa mwekundu. Akayumba, akagonga kuta mbili, akaiangukia biskuti.

"Kwa hiyo pombe inasaidia," mgeni akasema, akiandika.

Daktari akajifuta jasho. Mama Panya akashika funguo kiunoni zisilie tena. Akinyamaza, utafiti unakufa na mkataba wake nao. Akisema, huenda akafukuzwa peke yake.

"Ni mimi, Daktari."

"Wewe umefanya nini?"

"Nikiwaletea chakula huwa natikisa funguo. Nawabishia hodi tu, nisiwashtue. Sasa hivi nilikuwa najikunakuna, zikawa zinalia."

Daktari akafumba macho. "Mama, si tulibandika tangazo? Mlishaji asiingie na funguo."

"Nimeliona. Ndipo ninapotundika koti."

Mgeni akainua kichwa. "Na hawa wekundu, hukuwatikisia?"

"Nawatikisia wote, mama, sibagui. Wiki ya kwanza nao walikuwa wanageuka. Siku hizi nitikise mpaka mkono uchoke, wananitazama kama mume wangu nikimwomba akatupe takataka."

Kalamu ya mgeni ikasimama. "Hebu toka nje kidogo. Na funguo zako."

Akatoka, akasimama kwenye korido akihesabu vigae, kwa hakika kuwa ndiyo mara ya mwisho kuviona. Alipoitwa ndani, wa bluu wanane kati ya kumi walikuwa wamefika kwenye biskuti bila kusita. Wekundu walifika wawili, na mmoja alikuwa amelala kwenye kona.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Fedha za miaka mitatu, na kipengele kipya cha utafiti: kila asubuhi na jioni Mama Panya atikise funguo mara tatu, aandike nani kageuka.

Kinyozi aliisoma mara mbili. "Yaani sasa unalipwa kwa kelele. Hapa nyumbani umezipiga miaka ishirini bure."

"Ningelipwaje," akasema Mama Panya, akimkabidhi ndoo ya takataka, "na kundi lote nililokuwa nalo ni jekundu?"