Kadi ya Golikipa Asiye na Jina

Tangu tumzike papa, baba yangu, watu wa kanisa wananiambia, Furaha, nawe sema neno juu ya mzee, hata moja tu, na mimi ninanyamaza. Si kwamba sina neno. Ni kwamba neno linalotangulia mengine yote ni la aibu, na aibu yenyewe niliifanya mimi, mchana kweupe, mbele ya wanaume wazima, kwa ajili ya kadi za mpira. Basi niliandike, maana mdomo wangu ni mzito (shule niliiacha mapema, lakini kuandika naweza), na mkitaka kucheka chekeni, hata yeye mwenyewe alicheka.

Nilikuwa bado msichana mdogo, wa umri ule wa meno ya mbele kuwa makubwa kuliko uso. Tulikaa ghorofani, hapa Durban, upande wa Point, karibu na maji kiasi kwamba shuka likianikwa dirishani linarudi lina chumvi. Nikiikumbuka miaka ile naiona kama kupitia pazia lililolowa: mwanga mweupe, joto la kunata, meli zinalia bandarini kama ng'ombe waliosahauliwa, na sisi watoto tumekaa kwenye ngazi za jengo, kila mtu na kadi zake mapajani, tunabadilishana wachezaji kwa sauti ya chini kama wazee wanaopanga mahari.

Kadi zilikuja kwenye pakiti, duka la kona. Mimi nilizipata kwa kuokota zile ambazo wengine wamezichoka, na kwa pakiti moja moja ambayo mama alininunulia nikiosha vyombo bila kuambiwa. Nilizitunza kwenye mkebe wa biskuti, na katika mkebe ule nilikuwa na moja ambayo jengo zima liliijua: kadi ya kung'aa, mshambuliaji, ukiiinamisha kwenye mwanga mguu wake unasogea. Nilikuwa nalala chali chini ya dirisha, naiinamisha na kuiinua, mguu unakwenda na kurudi, mpira hauendi popote, na mchana unapita hivyo hivyo mpaka mama aulize kama nimekufa.

Sasa, papa. Papa hakuwa mtu wa maneno. Siku za mechi alivaa shati, akatia kitu cha njano ndani ya mfuko wa plastiki, akatia na glavu, akasema, "Leo iko match, nitachelewa," akashuka. Alirudi miguu imevimba, mama akamwekea maji ya moto na chumvi kwenye beseni. Na kila Jumapili alimpigia simu koko, mama yake, aliyebaki kwetu Uvira, Kongo, akimwambia kwa kupaza sauti kama vile simu haitoshi kuufikisha ujumbe:

"Ndiyo, maman, kazi iko. Niko gardien, huku ku stade. Usiogope."

Nisikilizeni vizuri hapa. Kwetu anayelinda nyumba ya mtu usiku tulimwita zamu. Neno gardien mimi nililisikia mahali pamoja tu duniani, kwenye uwanja nyuma ya jengo, wavulana wa kwetu wakigombana nani asimame golini: gardien ni wewe, hapana, gardien ni yeye. Sasa mtu ni gardien, yuko stade, yaani uwanja wa mpira, anaondoka siku za mechi, ana glavu, ana nguo ya njano yenye namba mgongoni (namba niliiona, mfuko ulikuwa unaonyesha ndani), anarudi anachechemea. Ninyi mngefikiri nini? Mimi nilifikiri baba yangu ni golikipa. Sikumwuliza, kwa sababu nilidhani ni jambo analolificha kwa unyenyekevu, na kanisani walitufundisha kwamba mtu mnyenyekevu usimwaibishe kwa kumsifu usoni. Nilikaa na siri yangu. Usiku kabla ya usingizi nilimwona akiruka polepole sana, nyasi chini, taa juu, mikono miwili mbele, na mpira unamjia kama ndege anayerudi kwenye kiota.

Siku moja Lungelo akatoa kadi moja kuukuu. Lungelo alikuwa mvulana wa Kizulu wa ghorofa ya chini (naye tuliongea Kiingereza), mkubwa kuliko sisi, mjuzi wa kubadilishana kadi kuliko mtu yeyote. Ile kadi ilikuwa takataka. Ilikuwa imelowa, sehemu ya chini yenye jina imetoka yote, na aliyebaki ni golikipa aliyepigwa picha kwa mbali, yuko hewani, kivuli cha kofia kimemfunika uso. Njano juu, glavu mkononi. Mabega yale niliyajua.

"Hiyo naitaka," nikasema.

Kosa langu la kwanza ndilo hilo. Mtu anayekusanya kadi hasemi naitaka. Anasema hiyo ya nini, hata bure sina haja nayo. Lungelo akaitazama kadi, akanitazama mimi, akaiona njaa yangu yote.

"Hii ni adimu," akasema (muongo, alikuwa karibu kuitupa). "Nipe ile ya kung'aa."

Nikampa. Ndiyo, nilimpa, wala sikuomba muda wa kufikiri. Watoto kwenye ngazi wakashika vichwa, mmoja akasema, "Eish, Furaha, umelogwa?" Na mimi, badala ya kuondoka na kadi yangu kimya kimya, nikataka waelewe kwamba mjinga si mimi.

"Ninyi hamumjui huyu," nikasema. "Huyu ni papa."

Lungelo akacheka kwanza, halafu akaacha, kwa sababu sikuwa nacheka.

"Basi atie saini," akasema. "Kesho iko mechi. Akitia saini kadi yake, nakurudishia ya kung'aa. Akikataa, mkebe wote wangu."

Nikakubali. Ningekubali hata kama angesema na kiatu changu, maana hakuna mtu anayeogopa dau la jambo analolijua.

Kesho yake tukaenda kwa miguu, kwa njia ya ufukweni, Lungelo mbele, mimi na mkebe wangu kifuani, na nyuma yetu watoto wa ngazini karibu wote, wengine wamejiunga njiani bila kujua tunakwenda kutazama nini. Upepo ulikuwa mwingi. Bahari ilikuwa imechafuka rangi ya chai ya maziwa, na uwanja ulionekana kwa mbali, mweupe, kama kitu ambacho mtu ameota na kusahau kukiondoa. Nakumbuka nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa ukubwa ule. Nilitembea nikifikiri, nitaingia, watamwita, atatoka na nyasi kwenye magoti.

Tulifika kwanza pakingi, magari yanaingia kwa foleni, na katikati ya magari nikamwona papa. Kizibao cha njano, namba mgongoni, glavu mkononi, mkono mmoja juu, anamwonyesha mtu njia ya kurudi nyuma, njoo, njoo, kata, simama. Pembeni yake wanaume wengine wa kwetu, nguo zile zile za njano. Na niwaambie ukweli, hata hapo sikuelewa. Nilifikiri ni timu. Nilifikiri timu yake inawapokea wageni kabla ya mechi, kama tunavyosimama mlangoni mwa kanisa. Nikakimbia.

"Papa! Weka saini hapa."

Akageuka. Alishtuka kuniona, akatazama nyuma yangu akaona kundi la watoto, akachukua kadi, akaishika karibu na macho.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

Aliyekuwa karibu ni tonton Byamungu, tuliyemwita amu kwa heshima tu, rafiki yake wa zamani kutoka kwetu, mtu wa mizaha. Alichungulia kadi juu ya bega la papa, akapiga paja.

"Jamani, mukuje muone. Miaka yote tunasimama naye hapa, kumbe yeye njo analindaka goli. Gardien, na penalti unazishikaka na hii tumbo?"

Wengine wakaja, wakacheka mpaka wakashika magari ya watu. Na katika kicheko kile ndipo nikaona, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye suruali: magari, vizibao, mikono inayoonyesha njia. Neno la Kiingereza la kazi ile, car guard, mlinzi wa magari, nilikuwa nalijua kama mtoto yeyote wa Durban. Papa tu hakuwahi kulitumia nyumbani; yeye alisema gardien, ambalo kwa Kifaransa ni mlinzi, awe wa goli au wa gari.

"Kwa hiyo hasaini?" Lungelo akauliza, mkono wake tayari kwenye mkebe wangu.

"Papa, tia saini tu," nikasema. "Andika jina. Hawatajua."

Angeweza kuandika. Jina halikuwepo kwenye kadi, uso haukuonekana, na Lungelo angenirudishia kadi yangu. Lakini papa alinirudishia kile kikadi, akasema kwa upole, "Huyu si mimi, mwanangu. Siwezi kuandika jina langu juu ya mtu mwingine."

Na hapo ndipo nilipofanya lile ambalo mpaka leo likinijia nikiwa kazini sokoni Warwick, namsuka mteja, mkono unasimama kwenye nywele na mteja anauliza kulikoni. Nilikasirika. Nilikuwa nimempoteza golikipa wangu na mkebe wangu kwa pamoja, na watoto wananitazama, nikasema kwa sauti ambayo pakingi yote ilisikia:

"Kama siyo wewe, basi ulimudanganya koko. Kila Jumapili unamwambia koko uko gardien ku stade. Uko muongo."

Kicheko kikakatika. Nilitegemea tonton Byamungu acheke zaidi, lakini alifuta mdomo kwa kiganja akatazama chini. Mwingine akajifanya kufunga kamba ya kiatu. Sikujua kwa nini. Nilipokua ndipo nikajua kwamba kila mmoja wao alikuwa na mama mahali fulani na simu yake ya Jumapili: mmoja kwao alijulikana kuwa ajenti wa usalama, mwingine alisema anafanya kazi na magari na mama yake akatangazia mtaa mzima kwamba mwana ana gereji. Mtoto mmoja mwenye mkebe alikuwa amewavua nguo wote kwa pamoja.

Papa alivua glavu moja, akaivaa tena.

Lungelo, ambaye Kiswahili hakusikia hata neno, akavuta mkebe. Nikauvuta. Kifuniko kikaruka, na upepo wa bahari ukafanya kazi iliyobaki.

Ee bwana, sijui niseme vipi. Kadi zilipanda hewani zote pamoja, zikageukageuka kwenye jua, zikatawanyika juu ya paa za magari kama kundi la njiwa waliopigiwa makofi, na mimi nikaanza kulia. Nadhani kwa sababu nililia, au kwa sababu wote walitaka kuondoka kwenye ule ukimya, wanaume wale wakaanza kukimbia. Wanaume wazima, wenye vitambi, wenye magoti mabovu, vizibao vya njano vinapepea kati ya magari, wanapiga kelele, kamata ile, iko chini ya bakkie, chini ya pikapu ile, hapana nyuma yako, nyuma. Gari moja lilirudi nyuma bila wa kuliongoza, likalala juu ya pipa la taka. Madereva wanapiga honi. Na kitu kimoja kikang'aa juu ya paa la gari jeupe, kikielea, na papa akakiona (na mimi pia nikakiona, nikadhani Lungelo ameiangusha kadi yangu), akarudi hatua, akaruka.

Aliruka kweli. Miguu yote miwili ilitoka chini, mikono mbele, na kwa muda mfupi baba yangu alikuwa hewani, upande upande, kati ya magari mawili ya watu. Kisha akaanguka kwa goti, suruali ikachanika, akabaki chini amekumbatia ngumi zake. Mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa ndani ya gari alipiga makofi. Sote tukaja. Papa akafungua mikono polepole.

Ilikuwa karatasi ya pakiti ya chipsi.

Yeye ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka akiwa bado chini, kichwa kimeegemea tairi la gari la mtu, machozi yanamtoka, na tonton Byamungu akasema, "Umeiokoa, muzee, haikuingia," na ndipo wote wakarudi kucheka. Mimi sikucheka. Kadi zilizopatikana Lungelo alizikusanya zote, na ya kung'aa alikuwa nayo mfukoni muda wote. Dau ni dau, simlaumu. Kadi nyingine sikukusanya tena, hata zile za bure.

Niliogopa sana kurudi nyumbani. Papa hakunipiga wala hakunisema kwa mama. Mama aliuliza habari ya suruali, papa akamjibu, "Nimeanguka kazini," na huo haukuwa uongo.

Jumapili iliyofuata alipiga simu mapema kuliko kawaida. Mimi nilikuwa jikoni, ugali motoni, mlango wazi. Nilisikia akisema kwa sauti ya kawaida, bila kupaza:

"Maman, ile kazi yangu. Mi ninaangaliaka magari ya watu. Njo hiyo tu."

Simu yake ilikuwa na spika mbovu iliyomwaga sauti nje, kwa hiyo na koko nilimsikia. Aliuliza jambo moja tu.

"Umekula leo?"

"Nimekula, maman," papa akajibu. "Nimeshiba kabisa."

Ugali ulikuwa haujaiva, na mboga mama alikuwa hajarudi nayo. Nilikuwa nimeshika mwiko wa kusongea, na hapo hapo nikajiwekea mwingine wa maisha: kinachosemwa kati ya mtu na mama yake nikikisikia, nisikitoe nje, walau mwenyewe akiwa hai. Papa akageuka, akaniona mlangoni namtazama. Nikarudi kwenye sufuria, nikasonga.