Soksi Iliyoachwa Wazi

Kwetu Dundori, Krismasi haijafika mpaka soksi zitolewe. Mwaka mzima hukaa kwenye debe lenye kifuniko, kwa sababu ya panya, na mkesha wa sikukuu Mama huzitundika kwenye waya juu ya meko, kila mmoja wetu na yake. Usidhani ni zile nyekundu za supamaketi. Zetu hufumwa kwa mkono, kwa nyuzi za sweta kuukuu zilizofumuliwa, na hunuka moshi. Nyanya yangu alikuwa mpishi katika shamba la mzungu, akaona huko watoto wakitundikiwa soksi, akasema kama ni soksi tu, hata yeye anaweza. Asubuhi unaikuta yako ina njugu, peremende na kipande cha sabuni. Ndugu yangu mdogo, kwa utundu wake, alikuwa akiwekewa kiazi.

Mtoto akishazaliwa, anafumiwa yake. Lakini Mama hana subira. Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza alifumua sweta yake ya manjano ya kanisani, akafuma soksi, akaimaliza na kuitundika pamoja na zetu kabla hata sijaanza kuhesabu miezi iliyobaki. Mtoto alikuja kabla ya wakati. Hakulia. Soksi ile sikuiona tena, wala sikuiulizia.

Krismasi hii iliyopita nilipanda tena Dundori nikiwa na mimba ya miezi saba, na woga ulikuwa umenijaa. Huko Nakuru, katika mtaa wa Section 58 tunakoishi, nilikuwa nimemkataza mume wangu kununua chochote, hata nepi. Siku moja mjini alisimama mbele ya duka la nguo za watoto, anaangalia tu, nikamfokea mpaka watu wakageuka. Kila asubuhi nilikunywa chai yenye sukari nyingi, nikalala kwa ubavu, nikasubiri mtoto acheze. Akichelewa, jasho linanitoka. Akicheza sana, naogopa vilevile. Watu wakinipongeza nilitamani kuwaziba midomo.

Nilimkuta Mama jikoni, amekaa kwenye kigoda, viazi vinachemka, sindano za kufumia mkononi. Alikuwa anafuma soksi ndogo ya manjano, na tayari alikuwa amefika kwenye kisigino. Niliutambua uzi ule kabla sijaweka mkoba chini. Nikasimama palepale mlangoni.

"Mum, hiyo uzi umetoa wapi?"

"Unajua mahali imetoka," akasema bila kuinua macho.

"Umefumua ya yule?"

"Nimefumua."

Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Nilimwambia anamfumia mtoto wangu sanda. Mume wangu, aliyekuwa anashusha mizigo uani, alichungulia, kisha akarudi alikotoka. Ana akili huyo. Mama aliendelea mpaka mstari ukaisha, maana hawezi kuuacha katikati hata nyumba ikiungua. Ndipo akaniambia nimletee soksi yangu kutoka kwenye debe.

Yangu ni ya buluu, yenye kisigino chekundu.

"Hiyo nyekundu ya kisigino nilikuwa nakuambianga ni ya nini?"

"Sweta ya Baba."

"Haikuwa ya Baba." Akaigusa kwa sindano. "Kulikuwa na kijana mbele yako. Nilimfumia yake, ikakaa tu. Ulipokuja wewe nikaifumua, nikakuwekea hapo. Sasa ningeitupa wapi?"

Krismasi zote za maisha yangu nimeivuta soksi ile kutoka kwenye waya, na sikujua. Nilikaa juu ya gunia la viazi. Nadhani Mama alitaka nifarijike: uzi ni uleule, na mimi niko hapa, mzima, nimekula nikashiba, namgombeza. Nami nilitaka kufarijika, kweli. Ila kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu, kwamba nyumba hii ilikuwa imezika wawili, na mimi nilikuwa nimembeba wa tatu.

Mkesha ulipofika, alifuma mpaka pale vidole vinapoanza kukaa, akaacha. Vitanzi vilivyobaki akavichomeka kwenye pini kubwa ya nepi, akaacha uzi mrefu ukining'inia, akaitundika hivyohivyo, ncha wazi.

"Si umalizie?" ndugu yangu akamuuliza.

"Hapo sifungi."

"Kwa nini?"

"Ya yule kijana nilifunga mapema. Ya huyu mwingine pia nikafunga." Akaugusa uzi ulioning'inia. "Hii atafunga mama yake, akishasikia mtoto amelia."

Akakagua vitanzi kwenye pini, kimoja kimoja, kisha akaanza upya. Miaka yote nilidhani Mama anafuma mapema kwa sababu haogopi. Kumbe anaogopa kuliko mimi, na ameogopa kwa muda mrefu zaidi.

Asubuhi ndugu yangu, ambaye sasa ni mwanamume mwenye ndevu, alizunguka na bakuli akitia njugu katika kila soksi. Bila kufikiri akatia konzi moja kwenye ile ndogo. Njugu zilipita moja kwa moja, zikatawanyika sakafuni. Nilishika tumbo kwa mikono miwili.

Mama aliinama na magoti yake mabovu, akaziokota moja moja, akazipuliza vumbi. Kisha akazirudisha ndani ya soksi, safari hii akiwa amekinga kiganja chake chini ya ncha. Akabaki amesimama hivyo, mkono juu, mpaka chai ikapoa kwenye vikombe vyetu.

Tumesharudi Nakuru. Soksi iko ndani ya mkoba wa hospitali, kitu pekee nilichokubali kiwekwe humo. Kabla hatujaondoka Mama alinifundisha kufunga ncha. Nafanyia mazoezi ile yangu ya buluu: naifungua, naifunga, naifungua tena, na mkono umeanza kuzoea. Ile ya manjano sijaigusa.