Tela Imekwisha, Aliyeiagiza Tumemzika

Msomaji wetu huyu wa Riruta ameomba tusimtaje jina wala kijiji chao. Maneno ni yake mwenyewe.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na miwili, nina watoto wawili, naishi Riruta katika nyumba ya kupanga na kazi yangu ni kupiga taipu katika ofisi moja ya Hurlingham. Nimefiwa na mume. Nayasema haya bila kulia, na msidhani nina moyo wa jiwe. Machozi yenyewe hayajaja. Watu wanakuja kunipa pole, wanalia wao, mimi nazunguka na vikombe vya chai.

Sisi ni watu wa magharibi, karibu na ziwa. Kwetu mwanamume akishaoa halali tena kwa baba yake, sharti awe na nyumba yake bomani. Na mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Mume wangu alikuwa wa pili. Kaka yake alikwenda Kampala kufanya kazi ya reli, miaka ikapita, hakujenga wala hakusema atajenga lini. Basi kila Krismasi tulifika nyumbani kama wageni, tukalala kwa jirani, na mimi nikapikia kwenye jiko la mama mkwe. Wanawake wa kijijini wakanipa jina, mke wa sanduku, kwa sababu sanduku langu halikuwahi kupata mahali pa kufunguliwa. Nilicheka nao, lakini liliniuma.

Siku moja mume wangu akaona mjini ile tela ya kulala ambayo Wazungu huenda nayo pwani, ina vitanda, ina meza, ina mlango wa kufunga kwa ufunguo. Alirudi nyumbani anacheka peke yake.

"Mama watoto, hii kitu haina msingi," akaniambia. "Haijajengwa. Nikiingia nayo nyumbani, nani atasema nimemruka kaka?"

Nilimwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Moyoni nilifurahi mno. Akaagiza moja ndogo kwa fundi mmoja upande wa viwandani, tukaambiwa tungoje.

Kungoja kwenyewe ndiko kulikokuwa raha yetu. Hatukuwa na gari, kwa hiyo kila Jumamosi tukitoka kazini tulizunguka mjini kutazama magari ya kuuzwa, tukitafuta la kuvuta nyumba yetu. Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mimi nilitaka Landrova, maana njia ya kwetu ni udongo mweusi, mvua ikinyesha hata ng'ombe huteleza. Yeye alitaka Pijo, tena nyeupe. Alikuwa akiinama, akipigapiga bampa, akimwuliza mwenye gari kama litapanda mlima na mzigo, kisha hangoji jibu.

"Landrova ni ya kuchanja ng'ombe," alisema. "Nikifika nayo, watu watafungua zizi."

Nami nikamjibu kwamba gari la kuvuta halichaguliwi kwa sura. Tulibishana hivyo mezani na kitandani, mpaka watoto wakachukua pande, msichana kwa baba yake na mvulana kwangu. Sijapata kuwa na furaha kama ile.

Kisha homa ikamshika. Alilazwa, akafa, na tela bado iko kwa fundi.

Tulimpeleka nyumbani. Kwetu mwanamume hatolewi kwenda kaburini kama hana nyumba, kwa hiyo wazee wakaamua ajengewe. Wakachimba mashimo, wakasimamisha nguzo, wakaezeka nyasi, jeneza likaingizwa. Kaka mkubwa alikuwapo, amekuja kutoka Kampala na suti yake, na hakuna aliyeuliza habari za nani ajenge kwanza. Nilikaa chini nikitazama. Kumbe ilikuwa kazi ya mchana mmoja tu. Baada ya matanga ilianguka kwa mvua, maana haikujengwa ikae mtu.

Sasa fundi ameleta habari kwamba tela iko tayari. Shemeji, yule kaka wa Kampala, anasema niiuze, eti nyumba ya magurudumu ndani ya boma itatuletea mkosi sote. Lakini mama mkwe alinishika mkono pembeni.

"Ilete, mwanangu," akaniambia. "Nimechoka kuona mke wa mwanangu akilala kwa watu. Ila iingie kwa gari tu, bila mikono ya watu. Mtu yeyote akiisukuma pale langoni, watasema tumekusaidia kujenga kabla ya mkubwa."

Lango letu liko juu ya kilima, na chini yake ni tope tupu. Rafiki mmoja wa marehemu amejitolea kuivuta kwa gari lake, na gari lenyewe ni Pijo, tena nyeupe. Bosi wangu naye yuko tayari kunipa Landrova pamoja na dereva. Najua ni lipi litakalopanda, nimelijua siku zote. Lakini kila nikisimama mbele ya bosi nimwambie ndiyo, mdomo unakataa. Nikifika na Landrova ikapanda, ubishi utakuwa umekwisha, nami nitakuwa nimemshinda mtu ambaye hawezi tena kunijibu. Nikienda na Pijo ikakwama, watu watasukuma, na mimi nitabaki mke wa sanduku mpaka nife.

Dereva anataka jibu kabla mvua kubwa hazijaanza. Juzi binti yangu aliniuliza kama bado anaruhusiwa kuwa upande wa baba. Nilimwambia ale chakula chake.

Ndugu wasomaji, nyinyi mliowahi kuzika mkaendelea kuishi, nielekezeni. Nichague gari lipi?