Unga wa Pole Maktabani

Juzi, kwenye maktaba moja hapa Mbinga, mama mmoja wa makamo alirudisha kitabu alichoandika mwanamke aliyeunguliwa nyumba, akafiwa na mume, kisha akainuka tena. Juu ya kitabu akaweka kifuko cha unga wa mahindi.

"Mfikishieni huyu dada," akamwambia mkutubi. "Mwambieni pole kutoka kijijini Ruanda, hapa Mbinga."

Mkutubi akageuza kitabu, akatazama picha ya mwandishi, kisha akanitazama mimi niliyekuwa kwenye foleni nyuma ya mama.

"Mama, huyu anaishi nchi za mbali. Halafu mwishoni si mambo yalimnyookea?"

"Yalimnyookea, ndiyo. Lakini amenisimulia msiba wake wote, nami nije mikono mitupu? Nimesoma mpaka mwisho, sijaona jirani hata mmoja aliyekwenda kukaa naye."

Akausogeza unga mbele kwa mikono miwili, akaaga.

Mkutubi hakujua auweke rafu gani. Mimi nilikiazima kile kitabu, maana vitabu vya kutia moyo navipenda. Sasa sielewi kimenipata nini. Nyumba imeshaungua, mume ameshazikwa, na kila nikifunua ukurasa nasubiri mtu apige hodi.